Vialama Vyekundu vya Mwalimu Nurudini

Jamani, kuna aibu ambazo mtu huzificha mpaka azikwe nazo, na hii yangu nilikusudia kuifanyia hivyo, lakini juzi mmenicheka kwa kuwa sitaki kabisa kuisogelea kompyuta, mkasema mzee ameanza kuogopa vitu vyenye waya, nikaona bora niwaambie sababu kuliko kudhaniwa nimezeeka vibaya. Ila msinikimbize. Kisa ni cha Mutsamudu, lakini siwezi kukifikia bila kupita Majunga kwanza, kwa sababu upumbavu ule sikuuokota Mutsamudu, nilikwenda nao umeshapevuka.

Nilizaliwa Majunga, kule Bukini, kile kisiwa kikubwa cha ng'ambo, kama wazee wengi mnaowaona hapa Moroni. Shule ya Kizungu nilikaa miaka miwili, nikatoka nazijua herufi zao na kuhesabu, basi. Elimu yangu yote ni ya chuo cha Kurani, kwa Fundi Mdahoma (mwalimu kwetu ndiye fundi), mtu mfupi mwenye sauti ya fahali, ambaye alikuwa akitusomesha kwa mbao na wino wa wali uliounguzwa. Yeye alikuwa na chupa mbili. Ya wino mweusi alikuwa akiandikia herufi, na ya wino mwekundu alikuwa akiwekea irabu, vile vialama vya juu na chini vinavyomwambia mtoto hapa soma a, hapa soma i. Mtoto akishakomaa, ile chupa nyekundu inafungwa, maana msomi wa kweli husoma herufi tupu na irabu anazo kichwani. "Nyeusi ndiyo njia," Fundi alikuwa akisema, "nyekundu ni mkongojo."

Sasa siku moja Fundi alitaka kumposea mwanawe binti wa sharifu mmoja, mtu aliyesoma mpaka ndevu zikapata rangi ya karatasi. Fundi akanisomea barua, mimi nikaiandika, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wote (na hilo mpaka leo sina haja ya kujinyenyekeza). Nilipomaliza nikaiona barua imepoa mno, nikasema ngoja niipambe, nikachukua ile chupa nyekundu nikaweka irabu juu na chini ya kila herufi, mwanzo mpaka mwisho, ikapendeza kama mkeka. Barua ilirudi siku ileile. Aliyeileta alisema sharifu ametuma neno moja tu: "Mwambieni Fundi mimi niliachishwa ziwa zamani." Posa ikafa hapo. Fundi hakunichapa, na afadhali angenichapa, alinishika sikio mbele ya chuo kizima akasema, "Mtu mzima hawekewi mkongojo. Ukimwekea, umemtukana." Likaniingia lile neno, likakaa.

Basi. Yalipotokea ya Majunga, sisi watu wa visiwa hivi tulipochinjwa huko (sitayasimulia, mnayajua, na aliyekuwako hapendi kuyasimulia) tukaletwa Moroni kwa ndege, na watu wa hapa wakatubandika jina la ile ndege mpaka leo. Nilibeba magunia, nikauza vitambaa, nikaenda Unguja mara kadhaa kuvinunua, ndiko nilikookotea Kiswahili hiki, mwishowe nikapata taipureta nikakaa nayo nje ya ofisi moja ya serikali, nikiwapigia watu maombi yao. Kifaransa sikijui. Lakini kunakili si kujua, jamani. Fundi cherehani anashona kanzu ya harusi bila kuwa bwana harusi. Ukinipa karatasi yako nitakutolea ileile, nukta kwa nukta, na wewe utadhani nimeisoma.

Baadaye dada yangu Mariama, aliyeolewa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, akafiwa na mumewe, akataka kaka awe karibu. Nikahamia kwake. Taipureta niliibadilisha kwa kompyuta iliyotumika na mashine yake ya kuchapia, nikaivusha kwa meli nimeifunga mablanketi mawili kama mgonjwa wa homa, nikaiweka katika chumba cha chini cha nyumba ya dada, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Nikafanya kazi vizuri kabisa, mpaka Nzwani ikasema haitaki tena kuwa pamoja na Moroni.

Nyinyi mliokuwa upande huu mliyasikia redioni. Sisi tulikuwa ndani yake. Simu zilikatwa, meli zikazuiwa, petroli ikawa ya kunong'onezana, umeme ukawa unakuja adhuhuri unaondoka alasiri. Vijana wenye bunduki wakakaa bandarini. Na mimi, ulimi wangu una Kibukini na una Kingazidja cha Moroni, kila nikinunua muhogo wananiita mzee kwa lugha yao, wananiuliza, "Bakoko, wewe wa upande gani hasa?" Nikawa nawajibu, "Wa upande wa dada yangu." Wanacheka. Lakini wanauliza tena kesho yake.

Pale Mutsamudu palikuwa na mwalimu mmoja wa kemia, Nurudini, Mngazidja wa Ntsoudjini, kijana mpole aliyevaa miwani iliyofungwa uzi. Kabla mambo hayajachafuka alikuwa amekwenda kwao kumzika mama yake, na mambo yalipochafuka akafungiwa huko. Darasa lake la mwisho, la wanafunzi kumi na tisa waliokuwa wakifanya mtihani mkubwa mwaka uleule, likabaki halina mtu. Yeye huko aliko akaamua kuwaandikia masomo kwa mkono, kurasa nne kila wiki, na mabaharia wa boti ndogo wakawa wanazivusha kwa kujificha, ndani ya ndoo, ndani ya viatu, namna wanavyoweza wao. Lakini kurasa nne haziwezi kugawiwa watu kumi na tisa. Kwa hiyo Abdu, mwalimu wa hesabu, akaja chumbani kwangu nazo.

"Bakoko," akasema, "hizi zina alama za kemia. Utaziweza?"

Nikazitazama. Herufi nyeusi, nzuri, na juu ya baadhi yake vitarakimu na vijumlisha na vitoa vya wino mwekundu. Cu na 2+ nyekundu juu yake. SO na 4 nyeusi chini na 2– nyekundu juu. Sikuelewa hata moja.

"Kwani ni kitu gani hiki," nikasema.

Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Ndani ya programu ya kuandikia kulikuwa na kidirisha chake cha milinganyo, cha watu wa hesabu. Unakifungua, kinakupa kisanduku chenye mpaka wa nukta nukta, na juu yake mstari wa vitufe vyenye vipicha: mraba mkubwa wenye kimraba juu kuliani, mwingine wenye kimraba chini, na mwingine wenye viwili, juu na chini, huo ndio wa SO₄²⁻. Unaandika Cu katika mraba mkubwa, unaruka kwenye kile cha juu, unaandika 2, unaandika + (na kibodi zetu za Kifaransa hazikupi tarakimu mpaka ubane kitufe kingine, ukisahau inakutolea e yenye mkwaju kichwani), halafu unabofya nje, kisanduku kinajifunga, kinageuka kama picha iliyobandikwa. Mistari yote ya ukurasa inapanda na kushuka kuipisha ile picha. Na herufi zinatoka zimelala upande kama watu wa futari walioshiba, mpaka urudi ndani uzisimamishe. Hicho ni kialama kimoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa navyo thelathini na kimoja, nilivihesabu.

Siku ya kwanza nilifika cha tisa, kompyuta ikaganda. Siku ya pili nilifika cha ishirini na mbili, umeme ukaondoka kabla ya muda wake, kazi yote ikaenda na maji. Siku ya tatu Abdu akaja akasimama mlangoni. Alikuwa anangoja kurasa zake. Nikaangalia tena ile karatasi ya Nurudini, nyeusi chini, nyekundu juu, na hapo hapo, jamani, nikamsikia Fundi Mdahoma sikioni, lile lile aliloshika. Nyekundu ni mkongojo! Nikajiuliza, hawa wanafunzi wana umri gani? Kumi na nane, kumi na tisa, mmoja ana ndevu na mke. Huyu Nurudini ni mtu mwema, amewawekea irabu kama watoto wa chuo, labda kanisaidia mimi mpiga chapa nisipotee. Nikiwapa vijana wazima karatasi yenye mikongojo, si nitakuwa nimewatukana?

Nikaziacha. Nyekundu zote. Vile vitarakimu vya chini, kwa kuwa vilikuwa vyeusi, nikavibakisha, kwa uaminifu mkubwa kabisa. Kurasa zote nne zikaisha kabla ya alasiri, safi, zimenyooka, hakuna mstari uliopanda wala kushuka.

"Mashallah, Fundi," Abdu akasema. Kemia yeye aliiacha tangu ujana, na nadhani kemia ilishukuru, maana alizitazama vile vile ninavyozitazama mimi, kwa kuona kama zimenyooka.

Fundi! Tangu siku hiyo nikawa Fundi. Kila wiki kurasa nne, nakili, acha nyekundu, gawa. Za mkono nikawa nazitia katika bati la biskuti chini ya meza, hata mbele ya wanafunzi waliokuja kuchukua zao. Wanafunzi wakanipita kichochoroni wananisalimu kwa mikono miwili. Dada yangu akawa ananipa kipande kikubwa cha samaki, anasema huyu ndiye anayesomesha watoto wa Mutsamudu. Na mimi sikumkatalia (nile samaki halafu nikatae sifa?).

Katika wale kumi na tisa alikuwako binti mmoja, Moinecha, mtoto wa Mzee Ahamadi anayechemsha maua ya mlangilangi kule njia ya Ouani. Ukikaa naye karibu nguo zake zinanukia mafuta ya maua hayo. Huyu alikuwa na jambo lake: mjomba wake aliyeko Antananarivo alikuwa amemtafutia nafasi ya kusomea ufamasia, na masharti yalikuwa mawili, afaulu mtihani, na kemia isiwe ya kubahatisha. Mtaa mzima ulijua. Wafamasia tulikuwa nao wangapi kisiwani? Na dawa zenyewe wakati ule tulikuwa tukizisikia kwa majina.

Mwezi wa pili akaja na karatasi yake.

"Kwezi, bakoko," akanisalimu.

"Mbona. Karibu, binti yangu," nikaitikia salamu.

"Hapa sielewi. Imeandikwa Cu, halafu mshale, halafu Cu na 2e. Shaba imekuwa shaba. Kilichobadilika ni nini?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nilikuwa Fundi. Nikajiegemeza nyuma nikasema, "Mtu akitoka Moroni akafika Mutsamudu, si ni yule yule?"

Akanitazama. "Siku hizi si yule yule, bakoko. Akifika bandarini anapekuliwa, anaandikwa, anatoka ana alama."

Nikacheka mpaka nikakohoa, nikamwambia ulimi wake utamfikisha mbali. (Kumbe mtoto wa watu alikuwa ameniwekea jibu lote mkononi, na mimi nikalipangusa kwenye kanzu.)

"Wewe ni mtu mzima," nikamwambia. "Soma bila mkongojo."

"Mkongojo gani?"

"Nenda ukasome, Moinecha."

Akarudi baada ya siku mbili na kikaratasi amekikunja mara nne. Akaniomba nimpe baharia amfikishie Mwalimu Nurudini, ameandika swali lake humo. Nikakipokea, na alipotoka nikakikunjua. Kifaransa sikijui lakini Cu niliiona, na alama ya kuuliza niliiona, mbili mfululizo. Kitu kikaniambia huyu mtoto hakosei. Nikasema nitakitoa wiki hii, wiki ikapita, nikasema wiki ijayo, na mwisho nikakitia kwenye bati la biskuti pamoja na kurasa za mwalimu, nikafunika. Alipoulizia nikamjibu boti hazina uhakika. Boti kweli hazikuwa na uhakika. Lakini nyinyi mnaelewa.

Mtihani ulipokaribia, wakubwa wa pande mbili, ambao hawakuwa wakielewana hata juu ya mwezi mwandamo, walielewana juu ya jambo moja, kwamba watoto wa visiwa vyote wafanye karatasi ileile. Na Nurudini akapewa ruhusa aje Mutsamudu siku moja, kwa boti iliyoleta dawa, awatazame wanafunzi wake, aondoke kabla ya magharibi. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Yeye alikuja Jumanne iliyotangulia.

Uwanja wa shule ulijaa. Wazazi, mashekhe, wakubwa wa mji, na langoni vijana wawili wenye bunduki, maana Mngazidja ni Mngazidja hata akiwa na miwani ya uzi. Mimi niliwekwa mstari wa mbele. Dada alikuwa amenipigia kanzu pasi ya makaa, kofia nimevaa ile ya kudarizi ninayoiweka kwa harusi. Nurudini akaja mpaka nilipokaa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kila mtu asikie, "Fundi, wewe ndiye uliyewasomesha. Mimi nimetuma karatasi tu." Nikainama kidogo, kama mtu aliyezoea.

Akawekewa meza. Akatoa chupa ya kioo, akatia maji, akatoa pakiti ndogo, akamimina unga wa mrututu, ule tunaowekea vidonda, maji yakageuka buluu ya kupendeza, na watu wakasema aa. Akamwita Moinecha ubaoni.

"Ndani ya maji haya kuna nini? Andika."

Moinecha akaandika Cu. Akaandika SO₄. Mwandiko wake mzuri. Akaweka chaki chini.

Nurudini akatabasamu, akangoja. "Malizia."

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Na alama zake?"

"Alama zipi?"

Akadhani binti ameona haya mbele ya watu. Akamwita mwingine. Yule naye akaitazama Cu, akairudisha chaki. Akamwita yule mwenye ndevu na mke. Akawauliza wote waliokaa, kwa kuinua mikono, nani ataongeza kitu ubaoni, na hakuna mkono ulioinuka, na mimi pale mbele nikaanza kuhisi kofia inanibana.

"Moinecha," Nurudini akasema, sasa kwa sauti ya chini, "baba yako ana chungu cha shaba cha kuchemshia maua. Kina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Ukikijaza maji, maji yanakuwa buluu?"

"Hayawi."

"Basi hii ya buluu ni shaba ile?"

Binti akageuka akaitazama Cu yake ubaoni.

"Na chumvi. Sodiamu ikiwa tupu, isiyo na alama yake, ukiidondosha majini inawaka moto. Yenye alama ndiyo mliyotia kwenye mchuzi leo. Vitu viwili hivyo. Niliwaandikia wiki ya kwanza." Akanyoosha mkono. "Nipeni karatasi moja."

Wakampa. Akaisoma ile yangu, safi, iliyonyooka. Akageuza nyuma. Akaomba nyingine, na nyingine. Akavua miwani, akasema neno ambalo, angejua, asingelisema pale: "Karatasi hizi si zangu."

Mzee Ahamadi alikuwa ameshasimama. "Si zako vipi? Zimetoka Moroni!"

"Niliandika mimi, lakini si hivi."

"Si hivi! Mwaka mzima mwanangu anasoma hivi!" Akawageukia watu. "Mmesikia? Walitunyima mchele, tukanyamaza. Walitunyima petroli, tukatembea. Sasa wanatutumia kemia ya uongo, watoto wetu waanguke, halafu waseme Nzwani hakuna vichwa!"

Uwanja ukavimba. Nimeshawahi kusikia sauti ya watu ikivimba namna ile, huko nilikotoka, na miguu yangu iliitambua kabla ya masikio. Mmoja wa wale wa langoni akaja moja kwa moja, akamshika Nurudini mkono juu ya kiwiko. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mpekueni! Nani kamtuma?" Nurudini hakunitazama. Hilo ndilo lililoniua, jamani, hakunitazama kabisa, hakunifikiria.

Na mimi niliyejua peke yangu nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimekaa. Nilikuwa naangalia uzi wa kanzu yangu. Nilikuwa najiambia labda watapoa.

"Niliziandika kwa mkono," Nurudini akasema, "kwa wino mweusi na mwekundu. Zilifika kwa mpiga chapa. Ziko wapi?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasimama. Nikafungua mdomo kusema kweli, na kilichotoka ni hiki: "Nilizichoma. Kwa usalama."

Yule mwenye bunduki akazidi kumkaza mwalimu mkono, na Nurudini akafumba macho.

"Bakoko," akasema Moinecha pale ubaoni, si kwa ukali, kama anayenikumbusha nilikoweka fimbo, "zimo kwenye bati la biskuti."

Basi tukaenda kulichukua, mimi mbele, Mzee Ahamadi nyuma yangu, na mwenye bunduki wa pili nyuma yake, katika kile kichochoro cha watu kupishana ubavu, na wanawake madirishani wakiuliza kuna nini, na mimi kofia ya harusi kichwani. Tukarudi. Ahamadi akalifungua bati juu ya meza mbele ya watu wote, na kitu cha kwanza kilichoponyoka kati ya kurasa kilikuwa kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Moinecha akakiona. Akakichukua, akakikunjua, akakikunja tena, akakitia mfukoni. Kisha zikatoka kurasa za Nurudini, nyeusi na nyekundu, Cu²⁺, SO₄²⁻, Na⁺, zimejaa kama funza juu ya embe.

"Nyekundu zimekwenda wapi?" Ahamadi akaniuliza, uso kwa uso.

Mwenye bunduki hakuwa amemwachia mwalimu. Nikaona hapa nisipojigeuza kichekesho mimi, mtu ataumia. Nikapanda juu ya kiti. Nikawaambia yote, chuo cha Majunga, chupa mbili, barua ya posa, sharifu aliyeachishwa ziwa, sikio langu, na kwamba niliona aibu kuwapa vijana wazima karatasi yenye irabu. "Niliwaheshimu!" nikasema, na sauti ikanikatika katikati kama ya jogoo mchanga.

Kisha shekhe mmoja mzee sana, mstari wa mbele, akaanza kutikisika mabega. "Lahaula," akasema, "ameivua kemia irabu!" Akacheka mpaka akashikwa. Likaenda hilo kama moto wa majani makavu, uwanja mzima, wenye kulia machozi, wenye kupigana mapaja, "Bakoko kaivua irabu!", mpaka na yule mwenye bunduki akacheka, na ukicheka huwezi kumkaza mtu mkono. Akamwachia. Mzee Ahamadi hakucheka, alikaa chini akajifuta uso kwa kofia, halafu akasimama tena akawaambia wakubwa, "Boti iende zake. Huyu kijana atalala kwangu mpaka siku ya mtihani. Mimi ndiye mdhamini wake." Hakuna aliyembishia.

Nurudini hakucheka. Moinecha hakucheka. Wao walikuwa wameshaingia darasani.

(Dada yangu alikuja kunitembelea Moroni njia zilipofunguka. Aliniambia Moinecha alifaulu, akaenda kwa mjomba wake. Sita walianguka, kwa kemia. Majina yao hakunitajia, na mimi sikuyauliza, na hilo ndilo jambo ninalojilaumu kuliko bati, kwamba sikuyauliza. Tangu hapo nimeapa: kitu nisichokielewa, nasema sikielewi, hata kama ni bei ya nyanya.)

Niliwafuata darasani. Walikuwa wamezunguka meza, kurasa za mwalimu katikati, kila mmoja na rundo lake la karatasi zangu, anaweka vialama kwa kalamu nyekundu, juu kuliani, kimoja kimoja, na Nurudini anapita nyuma yao anasahihisha bila kunena. Siku zilikuwa chache na karatasi zilikuwa za mwaka. Nikaona kalamu moja haina mwenyewe. Nikakaa pembeni ya Moinecha, nikavuta karatasi moja, nikasema mwandiko wangu bado ni mzuri.

Akaiwekea mkono juu. Akairudisha kwake taratibu.

"Acha tu, bakoko," akasema. "Hizi tutazimaliza wenyewe."

Kwa adabu kabisa. Namna unavyomwambia mzee akae asiinue ndoo.

Nikaiweka kalamu mezani. Nikatoka, nikavuka uwanja ambako watu walikuwa bado wanacheka na wakinipisha njia, nikapita kichochoroni mbele ya chumba changu, mlango wazi, kompyuta imefunikwa leso ya dada, sikuingia. Nikaishika barabara ya Ouani na kanzu yangu ya pasi, nikaenda kuwatafuta wale mabaharia wa boti ndogo wanivushe, na Mutsamudu sijarudi mpaka leo.